"Watazoeana Tu": Historia ya Uongo Mmoja Kuhusu Sungura

Wacha nianze na kosa langu, ndio usidhani nimekuja hapa kujifanya mjuaji.

Mdogo wangu, msichana wa miaka tisa, ana sungura jike, mweupe pe, anaitwa Pamba. Wakati huo nilikuwa nimeacha chuo na kurudi kukaa nyumbani, na kwa vile muda ndio kitu pekee nilichokuwa nacho kwa wingi, kazi ya kumchunga Pamba iliniangukia mimi. Nilimwona amekaa peke yake kizimbani kutwa nzima, nikamhurumia. Nikaenda kwa wale jamaa wa kuuza wanyama kando ya barabara, nikanunua mwenzake. Jike pia, mweusi, tukamwita Masizi. Jioni nikafungua kizimba cha Pamba, nikamtumbukiza Masizi ndani, nikafunga. Mathe akauliza kama hawatapigana. Nikamjibu na ule ujasiri wa mtu asiyejua kitu: "Watazoeana tu."

Hazikuisha dakika mbili. Maze, kama hujawahi kuona sungura wakipigana, usidhani ni mchezo. Manyoya yalipaa kama mto uliopasuliwa. Pamba, huyu huyu anayelala kwa mapaja ya mtoto, alimng'ata Masizi sikio hadi likachanika, akawa anamkimbiza mle ndani mzunguko baada ya mzunguko, na mwenzake hana pa kukimbilia. Mdogo wangu alipiga kelele: "Hizi sungura zinauana!" Nilipofanikiwa kuwatenganisha, mkono wangu ulikuwa unatoa damu. Masizi tulimweka kwa katoni. Alikaa siku mbili bila kugusa chakula. Sungura asipokula, tumbo lake huacha kufanya kazi, na likiacha hana muda mrefu. Siku ya tatu asubuhi tulimkuta amekufa. Mdogo wangu hakuniongelesha wiki nzima.

Ndipo nikaanza kusoma. Swali langu lilikuwa rahisi: mnyama ambaye kwa asili anaishi kwa makundi anawezaje kumuua mwenzake kwa sababu tu wamekutanishwa? Nilidhani jibu ni la ukurasa mmoja. Kumbe ni historia ya zaidi ya miaka elfu mbili, na ndani yake kuna Warumi, Papa aliyesingiziwa, uzio wa zaidi ya kilomita elfu moja, na virusi vilivyoachiliwa makusudi. Na mtu ambaye angenipa jibu bila mimi kusoma chochote alikuwa guka wangu. Huyo tutamfikia.

Jina moja, wanyama wawili

Sungura wa hadithi tulizosimuliwa, yule anayempiga Fisi chenga na kumlaghai Simba, si huyu wa kizimbani. Yule ni sungura wa porini, wa jamii ambayo wanasayansi wanaiita Lepus, na Afrika ni kwao. Hachimbi shimo. Analala juu ya ardhi, kwenye nyasi. Mtoto wake anazaliwa na manyoya na macho wazi, na hachukui muda kuanza kukimbia. Sehemu kubwa ya maisha yake yuko peke yake.

Huyu wa kizimbani jina lake la kisayansi ni Oryctolagus cuniculus. Kwao ni Hispania, Ureno na kusini mwa Ufaransa. Anachimba mashimo marefu yenye milango mingi, na watoto wake wanazaliwa uchi, hawaoni, wanamtegemea mama kwa kila kitu. Hawa wawili hata kuzaa pamoja hawawezi: wa porini ana kromosomu 48, wa kizimbani ana 44.

Sisi tumewapa wote jina moja, na jina likatuletea shida. Mtu akisikia sungura anafikiria mjanja anayejitegemea, kwa hivyo anamfungia mmoja peke yake miaka na miaka. Mwingine anafikiria kimnyama kipole kinachopenda kila mtu, kwa hivyo anafanya nilichofanya mimi. Wote wamekosea. Sungura wa kizimbani ni mnyama wa ukoo. Anahitaji wenzake, lakini anajua vizuri sana nani ni wa ukoo na nani si wa ukoo. Ukishika hilo moja, mengine yote hapa chini yatakuingia.

Nchi ya pimbi

Kuna maelezo maarufu kuhusu jina la Hispania, ingawa si wasomi wote wanaoyakubali. Yanasema mabaharia Wafoinike, watu wa pwani ambayo leo ni Lebanon, walifika kule wakaona ardhi imejaa vinyama vinavyotoka mashimoni. Kwao hakukuwa na sungura wa aina hiyo, lakini kulikuwa na pimbi, kama hawa tunaowaona wakiota jua kwenye mawe ya Hell's Gate. Basi wakaiita nchi hiyo nchi ya pimbi. Fikiria: nchi nzima huenda ilipata jina kwa sababu watu walimwona sungura kwa mara ya kwanza wakamchanganya na mnyama mwingine. Sisi si wa kwanza kumkosea jina.

Warumi walipoiteka Hispania walimpenda sungura kwa sababu moja: nyama. Varro, aliyeandika kuhusu kilimo katika karne ya 1 kabla ya Kristo, anaeleza bustani zilizozungushiwa ukuta, zikiitwa leporaria, ambamo matajiri walifuga sungura wa porini, na anawataja pia hawa wa Hispania. Pliny naye ameandika kwamba kwenye visiwa vya Balearic sungura walizaana wakamaliza mazao, hadi wenyeji wakamwomba mfalme Augustus awatumie wanajeshi. Wanajeshi wa Roma, jeshi lililotisha dunia, wanaombwa waje kupigana na sungura!

Kwa hao wote, swali la nani anakaa na nani halikuwepo. Sungura alikuwa chakula au alikuwa adui.

Papa aliyesingiziwa

Ukitafuta ni lini sungura alianza kufugwa, utaambiwa mwaka 600. Hadithi inasema Papa Gregori wa Kwanza alitangaza kwamba vitoto vya sungura vihesabiwe kama samaki, kwa hivyo vinaweza kuliwa wakati wa Kwaresima, basi watawa wa Ufaransa wakaanza kuvifuga. Hadithi tamu. Imerudiwa hata kwenye vitabu vya kisayansi.

Mwaka 2018 watafiti, wakiwemo Evan Irving-Pease na Greger Larson wa Oxford, waliifuata hadithi hiyo hadi ilikotoka. Hawakupata amri yoyote ya Papa. Walichopata ni Gregori mwingine kabisa, askofu wa Tours huko Ufaransa, aliyeandika kuhusu mtu mmoja mgonjwa aliyekula vitoto vya sungura wakati wa Kwaresima kisha akafa. Mtu alichanganya Gregori na Gregori, wengine wakanakili, na ikawa historia. Watafiti wakahitimisha kwamba hakuna siku moja ambayo sungura aligeuka kuwa mnyama wa nyumbani. Ilikuwa safari ya polepole, kizazi baada ya kizazi.

Hiyo habari ilinigusa kuliko nilivyotarajia, kwa sababu ilinionyesha fikra yangu mwenyewe. Tunapenda kuamini kwamba mnyama anaweza kubadilika kwa tangazo. Papa anasema, imekuwa. Mimi nasema "watazoeana tu", nafunga kizimba, imekuwa. Haiwi.

Uingereza walikuja kujifunza subira kwa lazima. Sungura waliletwa huko baada ya Wanormani kuingia, na kufikia karne ya 12 walikuwa mali ya mabwana wakubwa na nyumba za watawa. Usidhani walikuwa wale sungura sugu wa leo. Baridi na udongo mgumu viliwashinda, hadi watu wakawajengea vilima virefu vya udongo laini ili iwe rahisi kwao kuchimba. Kulikuwa na mtu wa kuajiriwa kuwalinda, na nyama na ngozi yao ilikuwa ghali.

Angalia kitu kimoja hapo. Uzio ulikuwa wa nje. Ndani, sungura walijipangia wenyewe nani anaishi shimo gani na nani, na aliyeshindwa vita aliweza kutoka kwa mlango mwingine akaenda kujitafutia kona yake.

Kizimba kilipokuja

Miji ya Ulaya ilipokua, sungura alihama kutoka kilimani hadi nyuma ya nyumba. Karne ya 19 watu walikuwa wanawazalisha kwa rangi na umbo na kuwapeleka kwa mashindano. Vita Kuu ya Pili ilipoleta mgao wa chakula Uingereza, familia nyingi zilifuga sungura uani ili wapate nyama. Watoto wakawapa majina, na mengine unaweza kuyakisia.

Kizimba kilifanya kazi iwe rahisi kwa binadamu, lakini kiliondoa kitu kimoja ambacho kila shimo la sungura linacho: mlango wa pili. Porini sungura mgeni akifukuzwa, anakimbia, mambo yanaisha. Kizimbani anafukuzwa, anagonga waya, anafukuzwa tena. Masizi alikufa kwa kukosa mlango wa pili.

Kuna mtu atasema: lakini hawa si wamefugwa karne nyingi, si wamekuwa wapole? Ni kweli wamebadilika. Mwaka 2014 wanasayansi walichapisha kwenye jarida la Science utafiti wa jeni uliolinganisha sungura wa kufugwa na wa mwituni. Tofauti zilikuwa nyingi na ndogondogo, na nyingi ziko karibu na jeni zinazohusika na ukuaji wa ubongo na neva. Mwaka 2018 watafiti wengine walipiga picha za ubongo, wakakuta kwamba amigdala, sehemu inayohusika na woga, ni ndogo zaidi kwa sungura wa kufugwa.

Nionavyo mimi, hapo ndipo tunapodanganyika. Tulimfuga hadi akaacha kutuogopa sisi. Hatukumfuga ampende sungura mgeni. Pamba kulala kwa mapaja ya mdogo wangu hakukumaanisha chochote kwa Masizi.

Vita vya Australia

Sasa tufike mahali ambapo maarifa yenyewe yalitoka, na hayakutoka kwa upendo.

Mwaka 1859 mzungu mmoja tajiri, Thomas Austin, aliagiza sungura kutoka Uingereza. Alikuwa na shamba kubwa la Barwon Park, jimbo la Victoria, na alitaka wanyama wa kuwinda ili ajisikie nyumbani. Sungura 24 walifika Melbourne siku ya Krismasi. Sungura walikuwa wameshafika Australia kabla ya hapo, tangu meli za kwanza za wafungwa mwaka 1788, lakini hawakuenea hivyo. Utafiti wa jeni uliotoka 2022 ulionyesha kwamba uvamizi mkubwa ulitokana na mzigo wa Austin.

Kilichofuata unaweza kukisia. Mimba ya sungura ni kama siku 31, na jike anaweza kupata nyingine karibu mara tu baada ya kuzaa. Baada ya miongo michache nyasi za kondoo zilikuwa zinaisha na udongo unapeperuka. Kule Australia Magharibi serikali ilianza kujenga uzio mwaka 1901. Ulipokamilika 1907, uzio wa kwanza pekee ulikuwa na urefu wa kilomita 1,833. Kwa kipimo cha hapa kwetu, ni zaidi ya kwenda Mombasa kutoka Nairobi na kurudi, halafu uende na urudi tena kidogo ukichoka njiani. Na sungura walikuwa wameshavuka hata kabla haujaisha.

Mwaka 1950 wakaachilia ugonjwa: virusi vya miksomatosisi, vinavyosambazwa na mbu. Sungura walikufa kwa mamilioni. Lakini si wote, na waliobaki walizaa watoto wenye kinga zaidi. Hapo watu wa sayansi wakakubali kwamba hawamjui adui wao. Wamemwekea waya, sumu na virusi, lakini hakuna aliyekaa chini kuuliza sungura anaishi vipi na sungura mwenzake.

Aliyekaa chini anaitwa Roman Mykytowycz, wa CSIRO, taasisi ya utafiti ya serikali ya Australia. Kuanzia miaka ya 1950 aliweka sungura wa mwituni ndani ya maboma makubwa, kila mmoja akiwa na alama yake, akawatazama usiku na mchana. Alichokiona ni jamii kamili. Wanaishi kwa vikundi vidogo, na kila kikundi kina eneo lake. Madume wana ngazi yao ya ukubwa, majike wana yao. Na mipaka yote hiyo imeandikwa kwa harufu.

Umewahi kuona sungura akisugua kidevu kwa mguu wa meza au kwa kiatu chako? Chini ya kidevu ana tezi inayotoa harufu. Hakubusu wewe, buda. Anaandika jina lake. Mykytowycz aligundua kwamba dume mkubwa wa kikundi ana tezi kubwa zaidi na anasugua mara nyingi zaidi. Kinyesi na mkojo nao vinatumika vivyo hivyo, kama mawe ya mpaka wa shamba.

Halafu akajaribu kitu ambacho kilinifanya niweke simu chini kwanza. Walikutanisha sungura wawili wasiojuana mahali palipowekwa harufu ya mmoja wao. Yule ambaye harufu ni yake alijiamini zaidi na kuwa na nguvu juu ya mwenzake. Matokeo hayo yalichapishwa 1976. Soma tena, kisha ukumbuke nilimweka Masizi wapi. Nilimweka kwenye kizimba ambacho Pamba alikuwa amekiandika jina kila ubao, kila waya, kila pembe, karibu mwaka mzima. Sikuwa nimemletea rafiki. Machoni pake nilikuwa nimemletea mvamizi chumbani kwake, halafu nikafunga mlango.

Kutoka vitani hadi sebuleni

Ugonjwa ule ule ulifika Uingereza mwaka 1953, na huko nako mtu mmoja akaanza kutazama. Ronald Lockley, mwanamazingira kutoka Wales, alifuga vikundi vya sungura ndani ya maboma huko Orielton, Pembrokeshire, na akatengeneza shimo lenye kioo ili aone maisha ya chini ya ardhi. Mwaka 1964 akatoa kitabu, The Private Life of the Rabbit. Anaeleza ukoo, vyeo, vita vya mipaka, na jinsi jike aliyebanwa na msongamano anavyoweza kupoteza mimba kwa kunyonywa tena ndani ya mwili wake. Richard Adams alikitegemea kitabu hicho alipoandika riwaya yake Watership Down, iliyotoka 1972. Ukimsikia mtu akisema ile si hadithi ya watoto, ni kwa sababu sungura halisi si hadithi ya watoto.

Hatua ya mwisho ilitokea Marekani. Mwaka 1985 Marinell Harriman alichapisha House Rabbit Handbook, kitabu cha watu wanaoishi na sungura ndani ya nyumba, na mwaka 1988 shirika la House Rabbit Society likaanzishwa California. Watu hawa walikuwa na shida ambayo mkulima hana. Mkulima humpa kila sungura mkubwa kizimba chake. Wao walitaka wawili waishi pamoja maisha yote, kwenye sebule moja, bila damu. Ndipo utaratibu wa kuzoeanisha sungura polepole ukaenea: wahasi kwanza, wakae jirani, wabadilishane harufu, wakutane mahali pasipo pa mtu.

Tazama hiyo safari. Maarifa yaliyotafutwa ili kuwamaliza ndiyo leo yanatumika kuwafanya wakae kwa amani.

Guka alijua

Wakati wote huo sikuwa nimempigia simu guka. Nilipompigia, mazungumzo yalichukua dakika tatu.

"Guka, nilileta sungura mgeni. Walipigana na wa hapa, akafa."

"Ulimweka wapi?"

"Kwa kizimba cha yule wa hapa."

Akanyamaza kidogo. "Jike hapelekewi mgeni kwake, kijana wangu. Hata awe dume. Ukitaka kupandisha, jike ndiye unampeleka kwa dume. Huko si kwake, atatulia. Ukipeleka dume kwa jike, utaokota manyoya."

"Nani alikufunza hivyo?"

"Mwalimu wa 4K. Na dume wangu wa kwanza, siku alipopoteza sikio."

Kama huijui 4K, ni Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya, vilabu vya kilimo vya shule za msingi vilivyoanza mwanzoni mwa miaka ya 1960. Watoto wengi wa kizazi cha guka walishika sungura wao wa kwanza huko. Na kanuni aliyonipa ni ile ile ya Australia, bila tezi na bila jarida: eneo lina mwenyewe, na mwenyewe hupigania eneo lake. Muulize mfugaji yeyote mzoefu wa sungura, Kiambu au Nyeri au Thika, atakwambia vivyo hivyo.

Nilikuwa nimetazama klipu chungu nzima za sungura wakilala wamekumbatiana, nikaamini zile sekunde kumi na tano. Hakuna klipu hata moja iliyonionyesha wiki sita zilizotangulia. Na sikumuuliza mzee ambaye yuko umbali wa simu moja.

Mara ya pili

Miezi minne baadaye mdogo wangu alisema anataka tujaribu tena. Sikutegemea aniamini. Tukamleta dume mchanga, wa rangi ya kahawia, akamwita Njugu. Hivi ndivyo tulivyofanya, na kila hatua utaiona inatoka kwa hiyo historia.

Kwanza, Njugu alihasiwa. Daktari wa mifugo akatuonya kwamba dume hubaki na mbegu wiki kadhaa baada ya kuhasiwa, kwa hivyo tusimkaribishe kwa Pamba kabla ya wiki sita. Pamba naye akafungwa kizazi, kwa pesa nilizokuwa nimeweka za simu mpya. Vita vingi vya sungura vinaendeshwa na homoni, na bila hiyo hatua unajaza maji kwa ndoo iliyotoboka.

Pili, vizimba viwili jirani, na katikati nafasi ya kiganja ili wasing'atane pua kupitia waya. Waonane, wasikiane, wasifikiane. Chakula tuliweka pande zote mbili karibu na waya, ili kila mmoja ale huku akimwona mwenzake. Mwanzoni Pamba alikuwa anapiga mguu chini na kugeuza mgongo. Wiki ya pili akaanza kula bila kujali.

Tatu, harufu. Kila siku tulibadilishana vitambaa vya kulalia na nyasi kidogo zenye kinyesi. Baadaye tukaanza kubadilisha vizimba vyenyewe: leo Pamba analala kwa Njugu, Njugu kwa Pamba. Hii ndiyo hatua watu wanaruka, na ndiyo kazi yote. Unawapa muda wa kusomana kabla ya kukutana.

Nne, mahali pasipo pa mtu. Kwetu palikuwa bafuni, kwa sababu Pamba hakuwahi kuingia huko. Tulitandika mkeka wasiteleze, tukaweka maboksi mawili, kila moja na matundu mawili, ndio yeyote akiingia asizibiwe. Mlango wa pili, unakumbuka? Siku ya kwanza dakika kumi tu, nikiwa nimevaa glavu nzito. Mmoja akimpanda mwenzake au kumkimbiza kidogo, acha, wanapanga ngazi yao. Lakini ukiona mkia umesimama, masikio yamelala nyuma, wananguruma na kuanza kuzungukana kwa kasi, tenganisha hapo hapo. Wakishapigana vizuri, unarudi nyuma siku kadhaa. Hawasahau.

Tano, tulikuwa tunaongeza muda polepole, hadi siku Pamba alipoinamisha kichwa mbele ya Njugu na Njugu akaanza kumlamba kwenye paji. Mdogo wangu alikuwa amekaa kwenye ukingo wa karai, mikono mdomoni, asipige kelele. Tulingoja wiki nyingine bado. Kisha tukakiosha kizimba kikubwa chote kwa maji na siki, tukabadilisha kila kitu mahali pake, kisiwe cha mtu, ndipo wakaingia wote wawili siku moja.

Na kama ingekataa, tungewaacha wakae majirani. Kuna sungura ambao hawatakubaliana hata ufanye nini, na kuishi jirani na mwenzako ukimwona kupitia waya bado ni bora kuliko upweke, na ni bora zaidi kuliko kifo.

Nimefikiria sana yale maneno mawili niliyomwambia mathe. "Watazoeana tu." Huwa yanasemwa na mtu aliye nje ya kizimba. Huyo hana cha kupoteza. Nimewahi kuambiwa maneno kama hayo nikiachwa kwa lango la bweni na sanduku langu, na pengine wewe pia. Wakati mwingine ni kweli, watu huzoea. Lakini huzoea kwa sababu kuna kitu kimefanywa: kuna aliyewapa muda, aliyewaachia mlango wa pili, aliyehakikisha hakuna anayeingia kwenye chumba chenye jina la mwingine kila pembe.

Masizi tulimzika chini ya parachichi, nyuma ya nyumba. Pamba na Njugu sasa wanalala wamebanana hadi huoni rangi ya mmoja inaishia wapi. Nimepiga picha nyingi, lakini nikiweka moja tu ya hiyo, nitakuwa nimekudanganya kama nilivyodanganywa. Kwa hivyo nimeandika hii kwanza.

Na kama nyumbani kwenu kuna mzee aliyewahi kufuga sungura, mpigie leo.